Likizo bila malipo: ni haki, hisani au makubaliano?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

WAAJIRIWA wengi mkoani Tabora, kama ilivyo kwa wenzao wa mikoa mingine, wanafahamu kwamba sheria inawapa likizo ya mwaka yenye malipo. Lisilofahamika sana ni nini kinachowezekana pale siku hizo zinapokuwa zimekwisha na jambo la nyumbani likawa ndiyo kwanza linaanza. Hapo ndipo linapoibuka suala la likizo bila malipo, ambalo wapo wanaolidai kana kwamba ni haki iliyoandikwa, na wapo wanaoliogopa kana kwamba kuliomba ni sawa na kuomba kufukuzwa.

Tuchukulie mfano wa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa tumbaku huko Urambo. Mama yake mzazi amepangiwa upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, mwanzoni mwa mwezi Mei. Siku zake za likizo ya mwaka alizimaliza mwezi Januari. Nyumbani hakuna mwingine wa kumuuguza mgonjwa, na Mei ni mwezi ambao masoko ya tumbaku yamepamba moto na marobota yanapimwa kutwa nzima. Je, karani huyu anasimama wapi mbele ya sheria?

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara kwa waajiriwa wa sekta binafsi na wa umma, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya mwaka 2005. Kwa mujibu wa sheria ya Bara, mwajiriwa ana haki ya siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, zikiwamo sikukuu zinazoangukia ndani yake. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, yaani siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Baba wa mtoto ana siku tatu, na lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Baada ya hizo zipo siku nne za malipo kwa ajili ya matukio ya kifamilia, na hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusoma kwa makini. Kifungu cha 34 kinataja ugonjwa au kifo cha mtoto wa mwajiriwa. Kinataja pia kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ugonjwa wa mzazi haukutajwa. Maana yake ni kwamba karani wetu angepewa siku nne zenye malipo kwenda kumzika mama yake, lakini hana hata siku moja, kwa kifungu hicho, ya kwenda kumuuguza. Mwandishi wa makala haya haoni namna ya kulieleza jambo hilo likapendeza, ila ndivyo kifungu kilivyo, na ni vyema mwajiriwa akalijua kabla ya kuingia ofisini kwa meneja na kusema “sheria inaniruhusu”.

Aidha, siku hizo nne si za kila msiba. Ni jumla ya siku zote kwa matukio yote yatakayotokea katika mzunguko wa miezi 36. Aliyefiwa na baba mwaka huu na dada mwakani anahesabiwa ndani ya siku zilezile nne. Kwa mtu wa Tabora, ambaye reli ya kwenda Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 840, siku mbili kati ya hizo zinaweza kumalizikia njiani, kwenda na kurudi, kabla hajaweka hata shada kaburini. Watunga sheria walilitambua hilo kwa sehemu, kwa kuwa kifungu hichohicho kinaeleza kwamba mwajiri anaweza kuidhinisha siku zaidi kwa matukio ya aina hiyo, ila siku hizo za nyongeza zitakuwa hazina malipo.

Kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa mlango wa wazi wa likizo bila malipo ndani ya sheria hiyo, nao ulikuwa mwembamba. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, ambayo ndiyo yaliyoongeza pia muda wa mapumziko kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, yaliupanua kwa kuweka likizo bila malipo isiyozidi siku 30 kwa mwajiriwa aliyepatwa na dharura, kwa makubaliano kati yake na mwajiri. Neno la kushika hapo ni makubaliano. Sheria imeitambua likizo hiyo na imeiwekea kikomo, lakini haikumwamuru mwajiri kuitoa kila anapoombwa. Kwa hiyo jibu la swali lililo kwenye kichwa cha makala haya ni kwamba kuomba ni haki, kupewa ni makubaliano, na hisani huingia pale tu ambapo pande mbili zimeshindwa kuandika lolote.

Mji wa Tabora una historia yake katika suala hili, na si vibaya tukaitazama. Katika karne ya 19, Unyanyembe ndiyo iliyokuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na njia hiyo iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inapendekeza kwa UNESCO yawe urithi wa dunia, ikitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni njia iliyobeba watumwa na pembe, na hilo halifichiki. Lakini wengi kati ya waliobeba mizigo mabegani walikuwa Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira, wakichukua mizigo ya ratili 60 hadi 70, na walikuwa na masharti yao.

Mpagazi hakuajiriwa kwa mwezi wala kwa mwaka. Aliajiriwa kwa safari. Msafara uliotoka pwani ukifika Unyanyembe, wapagazi walilipwa, wakatua mizigo na kutawanyika kwenda makwao. Wazungu Burton na Speke walipofika Kaze, ambako ndiko Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wapagazi wao waliondoka kwa utaratibu huohuo, nao wakalazimika kusubiri wengine. Ulikuwa msimu wa mvua, na Mnyamwezi mwenye shamba alikuwa na jembe la kushika. Livingstone naye, baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi mwaka 1872, alikaa Kwihara hadi mwezi Agosti akiwasubiri watu watakaotumwa kutoka pwani. Kwa maneno mengine, mpagazi hakuhitaji kuomba likizo ya kwenda kulima, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha msimu. Aliyeondoka katikati ya safari, huyo ndiye aliyeitwa mtoro.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Vijana wengi wa Unyamwezi na Uha wakaelekea kwenye mashamba ya mkonge, ambako manamba walikuwa na kadi ya kipande iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30. Siku ambayo hukufanya kazi haikuwekwa alama, na kadi isiyojaa haikulipwa. Ukipenda unaweza kusema kila siku ya mapumziko ilikuwa likizo bila malipo. Ni mshahara wa mwezi, wenye makato na mafao, uliogeuza kuondoka kazini kuwa jambo la kuombewa barua. Misamiati lakini imebaki: ofisi za leo bado zina posho na vibarua bado wana mnyapara, yote yakiwa maneno ya msafara. Hata majalada ya nidhamu bado yanaandika “utoro kazini”.

Na utoro huo una gharama. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinahesabu kuwa kosa kubwa kutofika kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. Karani wetu akipanda basi la Mwanza kwa ahadi ya mdomo tu, na meneja akabadilishwa katikati ya wiki au akasahau, siku ya sita anaweza kuandikiwa hati ya mashtaka. Ruhusa ya mdomo ni ruhusa, lakini inathibitishwaje mbele ya kamati ya nidhamu? Ndiyo maana maandishi ni muhimu kuliko ufasaha wa maombi yenyewe.

Kabla ya kuandika, zipo njia mbili ambazo waombaji wengi huziruka. Ya kwanza ni mkataba wa hali bora. Iwapo sehemu ya kazi ina chama cha wafanyakazi kilichofunga mkataba huo na mwajiri, huenda ndani yake mna siku za dharura zinazozidi zile za sheria, na mwenye siku hizo hana sababu ya kuanza na likizo isiyo na malipo. Ya pili ni kifungu cha likizo ya mwaka chenyewe, ambacho kinamruhusu mwajiri, kwa ombi la mwajiriwa, kumpa siku za dharura zenye malipo na kuzipunguza katika siku 28 za mzunguko huo wa likizo. Aliyebakiwa na siku tano za likizo, kwa mfano, na anahitaji 14, anaweza kuomba tano zenye malipo na tisa zisizo na malipo.

Watumishi wa umma wanafuata zaidi Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, ambazo toleo lake la mwaka 2009 limekaa muda mrefu katika makabati ya maofisa utumishi, na ambazo zina sehemu nzima juu ya likizo, ikiwamo ile isiyo na malipo. Mwalimu wa Sikonge hamwandikii mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja, bali barua yake hupita kwa mkuu wa shule, ndiyo maana ya zile herufi “K.K.” chini ya anwani. Barua isiyopitia ngazi hiyo hurudishwa, na wiki mbili zimekwenda.

Sasa hesabu, kwa sababu wengi huomba bila kujua wanachokubali kupoteza. Chukua mshahara wa Sh. 520,000 kwa mwezi. Jedwali la kwanza la sheria linabadili mshahara wa wiki kuwa wa mwezi kwa kuuzidisha mara 4.333. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hiyo ni siku 26 za kazi kwa mwezi, hivyo siku moja ina thamani ya Sh. 20,000. Wiki mbili zina siku 12 za kazi, na makato yake ni Sh. 240,000. Wapo wahasibu wanaogawanya mshahara kwa 30 na kupata Sh. 17,333, kisha wakahesabu siku zote 14 pamoja na Jumapili. Jumla inakuja Sh. 242,667, tofauti ambayo haina uzito. Hatari ipo pale zinapochanganywa njia hizo mbili, yaani kugawanya kwa 26 halafu kuhesabu Jumapili nazo. Hapo makato yanapanda hadi Sh. 280,000, na mwajiriwa amelipia Jumapili mbili ambazo hakuwa anadaiwa kazi. Ni vyema barua ya kukubaliwa ikataja idadi ya siku za kazi zitakazokatwa.

Mshahara si hasara pekee. Michango ya hifadhi ya jamii hukokotolewa kutokana na mshahara, hivyo mwezi usio na mshahara hauna mchango, iwe ni NSSF au PSSSF. Kwa wiki mbili si tatizo kubwa, kwa kuwa mwezi bado una mshahara kiasi. Kwa anayeomba mwaka mzima ili akasome, ni miezi 12 inayopungua katika ile miezi 180 ya uchangiaji inayohitajika ili kustahili pensheni ya uzee. Bima ya afya inayolipiwa kwa makato ya mshahara nayo iulizwe mapema, hasa kwa mtu anayekwenda kuuguza na ambaye ameandikisha wategemezi kwenye kadi yake. Mkopo wa benki au wa SACCOS hausimami kwa sababu mkopaji yuko likizo. Katika mfano wetu, karani mwenye marejesho ya Sh. 150,000 kwa mwezi atabakiwa na Sh. 280,000 za mshahara kabla ya makato ya kisheria, na marejesho yatoke humohumo. Afadhali aende benki kabla ya kuondoka kuliko aitwe baadaye.

Kuhusu barua yenyewe, urefu hausaidii. Meneja wa chama cha msingi mwezi Mei anataka kujua mambo machache: ni lini unaondoka, ni lini unarudi, nani atashika mizani. Mfano ufuatao unaweza kutumika:

YAH: MAOMBI YA LIKIZO BILA MALIPO YA SIKU 14

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa mizani katika chama hiki. Mama yangu mzazi amepangiwa upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando tarehe 6 Mei, na hakuna ndugu mwingine wa kumuuguza. Kwa kuwa nimekwisha kutumia siku zangu za likizo ya mwaka, naomba likizo bila malipo kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei hadi Jumapili tarehe 17 Mei, ambazo ni siku 12 za kazi. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 18 Mei.

Karani msaidizi amekubali kushika mizani na vitabu vya mapokezi kwa kipindi hicho, nami nitamkabidhi mbele yako tarehe 2 Mei. Nimeambatanisha nakala ya barua ya hospitali.

Naomba jibu lako kwa maandishi.

Wako mtiifu,

Msomaji ataona kwamba barua hiyo haikusimulia ugonjwa wa mama. Taarifa za mgonjwa ni za mgonjwa. Cheti au barua ya miadi inatosha. Ataona pia kwamba haikutaja kifungu chochote cha sheria. Kumwandikia vifungu mtu unayemwomba kukubaliana nawe ni kumkumbusha kwamba anaweza kukataa. Vifungu vikae mfukoni hadi vitakapohitajika. Muhimu zaidi ni kile kipande cha makabidhiano, kwa kuwa ndicho kinachomwondolea mwajiri sababu yake kubwa ya kukataa.

Maana mwajiri naye ana hoja. Robota likipimwa vibaya, mkulima aliyelihangaikia tangu kitalu cha mwezi Septemba ndiye anayepoteza, na chama ndicho kinachoulizwa. Meneja anayesema “si wiki hii” huenda hana ubaya wowote. Akikataa, mwajiriwa aulize kama tatizo ni tarehe au ni idadi ya siku, kwa sababu majibu ya maswali hayo mawili yanatofautiana. Siku saba za mwanzo, zinazojumuisha upasuaji wenyewe, zinaweza kukubalika pale ambapo 14 zimekataliwa, na ndugu wa kutoka Nzega akaja kupokea zamu. Kinachopaswa kuepukwa ni kuondoka baada ya kukataliwa, kwa matumaini kwamba mambo yatasahaulika.

Liko pia jambo la kinyume, la mwajiri kumpeleka mwajiriwa likizo bila malipo bila kuombwa, kwa madai kwamba biashara ni mbaya. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, lilitokea katika hoteli na kampuni za utalii. Hiyo si likizo iliyoombwa, bali ni kubadili masharti ya ajira, na sheria inataka mwajiriwa ashauriwe. Kama kazi imekwisha kabisa, upo utaratibu wa kupunguza wafanyakazi wenye notisi na malipo yake. Asiyetaka kusaini fomu ya “kukubali kwa hiari” asisaini.

Likizo ikishakubaliwa, ajira inaendelea. Kinachosimama ni kazi na mshahara, na mwajiriwa ana haki ya kurudi kwenye nafasi yake tarehe iliyoandikwa. Upasuaji ukiahirishwa na siku zikahitaji kuongezwa, ombi la pili lipelekwe kabla ya tarehe ya kuripoti, hata kwa ujumbe wa simu utakaofuatwa na barua, ili pengo lisihesabiwe utoro. Siku ya kurudi ni vyema kuandika barua fupi ya kuripoti na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Mwajiriwa akirudi akakuta ameachishwa, ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine, kama makato yaliyozidi, muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipojitokeza. Fomu ya kufungulia mgogoro inapatikana katika ofisi za tume hiyo, na mlalamikaji anatakiwa kumpa mwajiri nakala kabla ya kuisajili. Akiwa na barua ya maombi, jibu la meneja na hati ya mshahara ya mwezi husika, vielelezo vya kuanzia vinakuwa vimetimia.